Kampuni ya reli ikinunuliwa, mazingira yanaingiaje?

Swali: Habari mtaalamu. Nakaa Cedar Rapids, Iowa, hapa Marekani, dirisha la chumba cha watoto linaangalia reli kabisa. Tangu Julai 2025 tunasikia kampuni ya reli Union Pacific anataka kuinunua mwenzake Norfolk Southern, sasa jirani ananiambia eti lazima kwanza tathmini ya mazingira. Mbona hakuna reli mpya inayojengwa, ni matajiri wanauziana tu? Na mimi nikiandika barua kuna mtu ataisoma?

Jibu: Salama ndugu yangu. Swali la kwanza hata mimi niliwahi kujiuliza hivyo hivyo. Kinachopimwa si ule ununuzi, ni treni. Wakishakuwa kampuni moja mizigo inabadilisha njia, kwingine treni zinapungua, kwingine zinaongezeka, sasa ile bodi ya serikali inayoamua haya mambo, Surface Transportation Board, ina ofisi yake ya mazingira na kazi yake ni kukaa na ramani kipande kwa kipande na kuuliza hapa zitaongezeka ngapi kwa siku. Kipimo chao cha kawaida ni treni 8 zaidi kwa siku, au mzigo wa reli hiyo kuzidi mara mbili, hapo wanaanza kuangalia hewa, na kelele ina hesabu yake. Penye hewa ambayo tayari ni chafu kuliko viwango vya serikali, hata treni 3 zinatosha.

Chukua mfano wa kampuni nyingine mbili za reli, Canadian Pacific alipoichukua Kansas City Southern, dili la kama dola bilioni 31. Hiyo ilipita hapo hapo Iowa kwenu. Kipande kilichopata mzigo mkubwa kuliko vyote ni kutoka Sabula, Iowa, mpaka Kansas City, Missouri, treni 14.4 zaidi kwa siku (hiyo nukta nne isikuchanganye, ni wastani), na mji wa Davenport uko kwenye kipande hicho, reli inapita kati ya mji na mto Mississippi, yaani kutoka treni 8 hivi mpaka 22 hivi kwa siku. Ripoti ya mwisho ya tathmini ikatoka Januari 2023, ikasema athari nyingi ni ndogo isipokuwa kelele, na tarehe 15 Machi bodi ikapitisha. Upande wa faida wakahesabu mizigo ya malori kama 64,000 kwa mwaka itatoka barabarani.

Kelele yenyewe hasa ni honi. Sheria ya kule inamtaka dereva apige honi sekunde 15 mpaka 20 kabla ya makutano ya reli na barabara, mbili ndefu, fupi moja, halafu ndefu tena, usiku wa manane hivyo hivyo. Sasa zidisha kwa 22 na kwa kila makutano ya mtaani kwako.

Ila kuna mambo mawili watu wengi hawajui. Moja, idadi ya treni inayotumika kwenye tathmini chanzo chake ni mpango wa kazi wa makampuni yenyewe yanayoomba kuungana, ndo maana kwenye dili hilo la Canadian Pacific miji ya pembeni ya Chicago ililalamika sana, na mimi nadhani walikuwa na haki ya kuuliza. Pili, bodi kwa kawaida haitibu ugonjwa uliokuwepo kabla. Kama honi zinakuamsha leo, hilo si la ununuzi, watakuambia hivyo hivyo bila aibu.

Kwa hiyo barua, ndiyo inasomwa, rasimu ya ripoti ikitoka wananchi wanapewa muda wa kutoa maoni na ripoti ya mwisho inatakiwa iyajibu. Lakini usiandike "tunateseka sana na treni", hiyo haina pa kushika. Kwanza tafuta kipande chako kwenye jedwali la treni la rasimu hiyo, uone kabla ngapi na baada ngapi, maana inawezekana kwenu zisiongezeke kabisa, halafu andika makutano gani, treni ilisimama saa 1 asubuhi kwa dakika ngapi, basi la shule au ambulensi ilizungukia wapi.

Na usisubiri bodi peke yake. Davenport walikaa mezani na kampuni mapema, 2022, ripoti ya mwisho haijatoka, wakakubaliana dola milioni 10. Ile ya kuzuia honi pia, eneo tulivu, anayeomba ni mji, si kampuni ya reli, na mji ndio unaotafuta hela za mageti ya ziada, kwa hiyo hudhuria kikao cha halmashauri ya mji uwaulize wamefikia wapi. Kiingereza kikikusumbua mpe mtoto aandike, wewe mtajie saa na dakika tu.