Kokwa za maembe zinatoa ethanoli?

SWALI: Mhariri, muhogo najua unatoa ethanoli (kileo kinachowaka kama mafuta), sasa hizi kokwa za maembe zinazotupwa je? Nikisaga nikatia hamira inatosha?

JIBU: Kokwa zinafaa kabisa, kiini chake kina wanga mwingi, ila hamira haili wanga, inakula sukari, kwa hiyo loweka kwanza umwage maji maana tanini (vitu vyenye ukakasi vilivyomo kwenye kokwa) zinaisumbua hamira, saga, pika uwe uji, tia vimeng'enya vya amilesi vikate wanga uwe glukosi, yaani sukari, ndo upoze mpaka kama nyuzi 30 utie hamira. Muhogo nao ni hivohivo. Hamira ikishageuza sukari kuwa ethanoli unaikeneka, yaani unachemsha na kupoza mvuke wake. Kukeneka kwa kawaida kunaishia ethanoli ya asilimia 95 hivi, ya kuchanganya na petroli lazima ikaushwe maji zaidi. Na tafadhali usikeneke kwenye moto wa wazi, mvuke wake unalipuka!