Kabla hujahamisha ripo kutoka Subversion kwenda Git

Wadogo zangu mnaoanza kuchangia programu huria mkiwa huku Kigoma, iko siku mradi wenu utaamua kuhamisha ripo yake, yaani hazina ya msimbo na historia yake, kutoka Subversion kwenda Git, mifumo miwili ya kutunza matoleo ya msimbo, na mtaombwa msaidie. Kubalini. Wakongwe hawaipendi kazi hiyo, na anayeifanya huishia kuujua mradi kuliko wengi waliomtangulia. Ila msianze na amri. Anzeni na majina ya watu.

Subversion humtambua mchangiaji kwa jina la kuingilia tu. Git inataka jina kamili na barua pepe, na vyote viwili vinaingia kwenye hesabu inayotoa heshi (namba ya utambulisho) ya komiti, yaani badiliko moja lililohifadhiwa. Kila komiti nayo hubeba heshi ya ile iliyoitangulia. Kwa hiyo ukigundua baada ya kuhama kwamba komiti ya mwaka 2006 ina jina lisilo lake, kuirekebisha ni kubadilisha heshi za zote zilizoifuata hadi ya leo asubuhi, na kila aliyekwisha kukloni, yaani kunakili ripo nzima, itabidi akloni upya. Endesha svn log -q, inayoorodhesha komiti zote na waliozifanya, chuja majina, ondoa yanayojirudia, kisha jaza faili mstari kwa mstari: jina la kuingilia kushoto, alama ya sawasawa, halafu jina kamili na barua pepe. Utakuta "root", utakuta "admin", utakuta mtu aliyekomiti mara moja akapotea mazima. Wapo pia waliobadilisha majina. Waulize wanataka kuandikwaje. Waandikie wote mapema, maana hapa ndipo muda unapoliwa. git svn, zana itakayoibadilisha ripo, ikikutana na jina lisilomo kwenye faili hilo inasimama papo hapo. Iache isimame. Usitafute njia ya kuizunguka.

Sasa mtandao. Ukiwa Mwanga au Ujiji, usithubutu kubadilisha ripo moja kwa moja kutoka seva iliyoko Ulaya. git svn inavuta komiti mojamoja, na hakuna atakayeridhika na jaribio la kwanza, hata la pili. Vuta nakala kamili kwa svnsync mara moja, iweke kwenye diski yako, kisha jaribu utakavyo bila kuchoma bando. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia. Ikigoma kwa madai kwamba ripo imefungwa, na una hakika hakuna svnsync nyingine inayokimbia, ongeza --steal-lock. Na unapoibadilisha nakala hiyo, weka --rewrite-root yenye anwani halisi ya seva, la sivyo kila komiti itatangaza njia ya folda zilizo kwenye kompyuta yako.

Mstari wenyewe unaobeba anwani hiyo ni git-svn-id, mwishoni mwa ujumbe wa komiti, na ndani yake mna namba ya komiti hiyo kwenye Subversion, mfano trunk@4512 (trunk ni tawi kuu la Subversion). Wapo wanaoufuta kwa --no-metadata ili historia ionekane safi. Mimi siafiki. Ripoti za hitilafu za miaka yote zinasema "imerekebishwa kwenye r4512", na bila mstari ule hakuna atakayejua r4512 ni heshi ipi.

Lebo, yaani alama za matoleo yaliyokwisha kutolewa, zitakuja zikiwa matawi, yaani njia za kazi zinazoendelea. Zigeuze ziwe lebo kweli. Folda tupu zitapotea, kwa sababu Git haizihifadhi. Mafaili makubwa yana uzito zaidi: kwenye Subversion unachukua toleo la sasa tu, lakini anayekloni Git kwa kawaida anabeba historia nzima, pamoja na ile PDF iliyofutwa zamani. GitHub hukataa faili linalozidi MB 100. Yatoe kwenye historia kwa zana ya git filter-repo kabla ya kutangaza chochote, kwa sababu nayo inabadilisha heshi.

Msikimbizwe. Mradi wa kompaila ya GCC ulihamia Git Januari 2020 baada ya mjadala na maandalizi ya miaka, na lugha ya Python ilipita kwanza Mercurial, mfumo mwingine wa aina hiyo, mwaka 2011, ikafika GitHub mwaka 2017.

Siku ya kuhama yenyewe iwe ya kawaida, isiyo na msisimko. Kwenye seva ya zamani weka hook ya pre-commit, yaani skripti inayojiendesha kabla ya komiti kupokelewa, inayokataa kila komiti na kutaja anwani mpya, vuta komiti za mwisho, linganisha mafaili ya trunk na ya tawi kuu kwa diff, amri inayoonyesha tofauti, kisha pushi, yaani peleka komiti kwenye seva mpya. Ripo ya zamani ibaki ya kusoma tu, isifutwe.

Baada ya hapo jiandae kwa swali moja litakalorudi kila siku: "Nimekomiti, mbona haionekani?" Waliozoea Subversion, kwao kukomiti ni kufikisha kazi kwenye seva, kwenye Git komiti inabaki kwenye mashine yako mpaka upushi. Wajibuni bila kuchoka. Na akiwa ni mtu wa huku, mwambieni pia kwamba sasa anaweza kukomiti akiwa ndani ya treni ya Tabora bila mtandao wowote, akapushi akishuka.