Chupa tatu za mwaka wa ndoa: zifunguliwe lini?

SWALI: Mimi na mume wangu tulioana mwaka 2010. Tulipokuwa tunaishi Brussels tulinunua chupa tatu za mvinyo mwekundu wa Pauillac, Bordeaux, Ufaransa, za mwaka huohuo, tukazihifadhi kwenye ghala la chini ya jengo. Mwaka 2019 tulirudi Dar es Salaam, tukaja nazo. Tangu hapo ziko stoo, zimelazwa ndani ya boksi lake. Nia yetu ni kuzifungua siku ya jubilei ya fedha, 2035, maana tunasikia mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mtamu. Tuko sawa? Na chupa za Dodoma tulizonunua mwaka jana, nazo tuzitunze?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Dada yangu, kabla ya maelezo yoyote: chupa mbili zitoeni stoo leo, na ya tatu ifungueni mwezi huu. Sababu ni hizi.

Hilo neno “mtamu” ndilo linalowachanganya watu wengi. Sukari haiongezeki ndani ya chupa. Mvinyo wa Pauillac hutoka kiwandani ukiwa karibu hauna sukari, na hata ukikaa miaka hamsini hautaipata. Kinachobadilika ni ukakasi. Ukiuma bibo, kinywa hukauka na ulimi ukawa kama umepakwa unga. Hiyo ni kazi ya tanini, na tanini ndiyo imejaa kwenye maganda na mbegu za Cabernet Sauvignon, zabibu kuu ya Pauillac. Mwaka 2010 kiangazi cha Bordeaux kilikuwa kikavu na usiku ulikuwa wa baridi, kwa hiyo zabibu zilivunwa zikiwa na tanini nyingi na asidi nyingi pia. Mvinyo wa namna hiyo ukinywewa mchanga unakaba.

Miaka inapopita, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zikawa nzito, nyingine zikatua chini kama mashapo. Rangi nayo hutoka kwenye zambarau iliyokolea ikaelekea tofali la kuchoma. Harufu ya matunda hupungua, mahali pake huja tumbaku, ngozi, majani makavu, na ile harufu ya penseli iliyotoka kuchongwa. Mvinyo ulioiva vizuri unavyo vyote kwa pamoja: tunda bado lipo, na uzee umeshaanza kusema. Ukipitiliza hapo tunda hufa, ikabaki asidi na harufu ya uyoga mkavu.

Sasa joto. Chupa kama hizo, kwenye ghala la nyuzi 12 au 13 lenye giza na unyevu kiasi, zingefika 2035 bila wasiwasi, tena zingekuwa nzuri sana. Miaka yenu ya Brussels sina shaka nayo. Stoo ya Kigamboni ndiyo inayonipa hofu, kwa kuwa ndani huenda ni nyuzi 28 au 30 mwaka mzima. Wakemia hukadiria kwamba joto likipanda nyuzi 10, mabadiliko huenda mbio mara mbili au zaidi. Na si mbio tu. Unajua tofauti ya embe lililoiva mtini na embe la kuvundika: yote mawili ni ya njano, lakini moja likipasuliwa halina harufu. Mvinyo ulioharakishwa na joto ni hivyohivyo. Badala ya tumbaku na majani makavu unanusa jamu na sukari iliyoungua.

Dalili nyingine huonekana hata kabla ya kuzibua. Simamisha chupa mbele ya taa. Kwa umri huo mvinyo unapaswa kuwa umejaa hadi ndani ya shingo, au walau pale shingo inapoanzia. Ukiwa umeshuka hadi begani, hewa imeingia. Pitisha kidole juu ya foili: kama kizibo kimevimba na kuisukuma, au kuna utando unaonata pembeni, joto lilishausukuma mvinyo nje. Chupa yenye dalili hizo ndiyo ifunguliwe kwanza.

Mna bahati kuwa nazo tatu, kwa sababu ya kwanza itawasemea nyingine. Isimamisheni siku mbili ili mashapo yatue. Siku yenyewe iwekeni kwenye friji saa moja au mbili hivi, kwani joto la sebule zetu ni kubwa mno kwa mvinyo mwekundu. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Kizibo cha umri huo hukatika, kwa hiyo zungusheni kizibuo taratibu mpaka karibu kitokee upande wa pili, kisha vuteni bila pupa. Nimehudumia mvinyo hotelini kwa miaka mingi, na vizibo nilivyovunja karibu vyote vilivunjwa na haraka. Kikivunjika, chujeni mvinyo kwa kitambaa safi cha pamba kisicho na harufu ya sabuni, basi.

Onjeni kidogo kwanza. Ukiwa bado unakaba na tunda limejaa, umimineni kwenye jagi la kioo na mngoje saa moja au mbili, na mjue kwamba zile mbili zina umri wa kuishi. Ukiwa laini, wenye harufu nyingi, kunyweni jioni hiyohiyo bila kuuacha wazi muda mrefu, na zile mbili zisipite mwaka mmoja au miwili. Ukinukia jamu iliyoungua, hauna sumu. Upikieni nyama, na zilizobaki msizingoje tena. Harufu ya boksi lililolowa maji ni kasoro ya kizibo cha chupa hiyo peke yake. Hapo msizihukumu nyingine.

Chupa mbili mziweke wapi? Friji ya mvinyo ya nyuzi 13 ndiyo jibu langu. Kama haipo, kumbukeni ndugu wa Lushoto au Njombe mwenye chumba chenye giza. Zisafirisheni usiku, kamwe si kwenye buti la gari juani. Friji ya kawaida ni baridi na kavu mno kwa miaka mingi, lakini kwa miezi kadhaa inaishinda stoo yenu kwa mbali.

Za Dodoma kunyweni. Zabibu za kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo mwingi unaotengenezwa ni wa kunywewa ukiwa bado na uchangamfu wake. Kuutunza miaka ni kuunyima haki.

Kama mnataka kitu kitakachovumilia Dar hadi 2035, tafuteni Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno kwenye Atlantiki. Zamani mapipa yake yalivuka nchi za joto melini, yakarudi mvinyo ukiwa bora kuliko ulivyoondoka. Leo wengine huupasha kwa makusudi, kwenye nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi mitatu au zaidi. Ulio bora hukaa mapipani darini kwa miaka. Joto limeshaufanya lilichoweza. Huo tu msiulaze: una kilevi kikali, usimamisheni.