Wakala wa akili mnemba na matokeo ya NONMEM: mwache aandike, namba usimwachie

Ukiwa na modeli moja tu ya NONMEM (programu ya kukadiria jinsi dawa inavyosambaa na kuondoka mwilini mwa wagonjwa), huhitaji wakala wa akili mnemba, yaani programu inayosoma mafaili na kuandika yenyewe. Fungua faili la matokeo la .lst, lisome, umemaliza. Kazi huanza pale folda inapojaa, kuanzia run001 hadi huko mbele, nusu yake zikitofautiana kwa mstari mmoja, halafu msimamizi wako anauliza kwa nini ulihama kutoka modeli ya chemba moja (mwili ukihesabiwa kama chombo kimoja) kwenda ya chemba mbili. Hapo wakala anakufaa kweli. Anapita folda yote, anaona ni nini kilibadilika kati ya modeli moja na nyingine, kisha anakuandikia aya ambazo zingekula mchana wako wote.

Mimi namtumia kwenye modeli za dawa za malaria na kifua kikuu, na sharti langu kwake ni moja: namba hazitoki kwake. Zinatoka kwenye hati fupi ya amri (script) ya R au Python inayosoma faili la .ext, ambalo limepangwa kwa ajili ya mashine. Mstari wenye -1000000000 una makadirio ya mwisho, na -1000000001 una makosa sanifu. Wakala anaiita hati, anapokea jedwali, anaeleza. Ukimpa .lst zima alisome kama gazeti, ipo siku atachukua kosa sanifu la V (ujazo ambamo dawa huenea) alibandike kwenye CL (kasi ya mwili kuiondoa dawa), na sentensi itakuwa nzuri kiasi kwamba hutashtuka. Angalizo moja: ukiwa umetumia SAEM kisha IMP, ambazo ni njia mbili za ukadiriaji, .ext itakuwa na majedwali mawili. OFV (namba inayopima modeli inavyoendana na data, ikishuka ni bora) ya kulinganishia ni ile ya IMP, kwa hiyo hati ichukue jedwali la mwisho.

Maonyo yaje juu kabisa, kabla ya namba yoyote. NONMEM inaweza kuandika "MINIMIZATION SUCCESSFUL", kisha mstari unaofuata ukaanza na "HOWEVER" na kukutahadharisha kwamba ukadiriaji ulikuwa na matatizo. Wakala asiyebanwa hupenda habari njema, ataishia mstari wa kwanza. Mwagize anukuu neno kwa neno: kosa 134 la kukadiria tarakimu (rounding errors), kigezo kilichogota ukingoni, hatua ya kovariansi (inayotoa makosa sanifu) iliyokwama. Na kama hakuna onyo, aandike kwamba hakuna. Asikae kimya.

Sehemu inayonipa wasiwasi kuliko zote ni ulinganishaji wa OFV. Kigezo kimoja kikiongezwa, OFV ikishuka kwa zaidi ya 3.84 tunasema p iko chini ya 0.05. Wengi wetu tunadai 6.63 tunapoongeza kovarieti (sifa ya mgonjwa, kama uzito) na 10.83 tunapojaribu kuiondoa. Wakala anazijua namba hizi kwa moyo, na ndiyo shida yenyewe, maana atazitumia popote pale. Zinafaa tu ikiwa data ni ileile, njia ya ukadiriaji ni ileile, na modeli moja imo ndani ya nyingine, yaani ni ileile iliyopunguzwa vigezo. Ongeza amri moja ya IGNORE ya kuondoa vipimo ambavyo maabara haikuweza kuvisoma, na OFV inaweza kuporomoka bila modeli kuwa bora hata kidogo. Geuza viwango vya dawa kuwa logi, mambo ni yaleyale. Kwa hiyo hati yangu inakagua kwanza idadi ya wagonjwa na ya vipimo ndani ya .lst, pamoja na jina la njia iliyotumika. Vikitofautiana, inarudisha neno "hailinganishiki" badala ya namba, na wakala hana cha kupigia porojo.

Tofauti kati ya wagonjwa nayo ina mtego wake. Omega (variansi ya tofauti hiyo) ikiwa 0.09, kipeuo chake kinakupa 30%, na kanuni kamili ya mgawanyo wa log-normali inakupa karibu 31%. Hakuna atakayegombana. Ikiwa 0.64, ya kwanza inasema 80% na ya pili karibu 95%. Chagua moja, iandike kwenye hati, na muhtasari uitaje.

Kuna jambo ambalo hati haiwezi kulishika: wakala hawajui wagonjwa wako. Rifampicin huuchochea mwili kuiondoa kwa kasi zaidi kadiri matibabu yanavyoendelea, hivyo CL ya siku ya kwanza na ya wiki kadhaa baadaye si kitu kimoja. Muhtasari ukisema CL yako "iko juu kuliko machapisho", uliza kwanza ni ya siku gani. Kwenye malaria ya watoto ni balaa zaidi. Modeli yenye alometria (kanuni ya kukokotoa CL kwa uzito) ya 0.75 mara nyingi hutoa CL ya mtu wa kilo 70, na mtoto wa kilo 12 ana takriban 27% tu ya hiyo. Mweleze wakala wagonjwa ni akina nani, kwa sentensi mbili tatu, kabla hajaandika chochote.

Grafu natazama mwenyewe, hasa VPC, inayolinganisha data na utabiri wa modeli.

Kuhusu siri za wagonjwa: .lst na .ext zinatosha. Majedwali ya sdtab na faili la .phi hubeba safu za mgonjwa mmojammoja, na hayo hayaendi kwenye seva ya mtu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Zaidi ya hapo, kamati yako ya maadili huenda haikuidhinisha kabisa data itoke nje ya taasisi.

Ukianza, mpe folda ya zamani ambayo majibu yake unayajua, na uweke ndani yake modeli moja iliyokwama kwa makusudi. Halafu hifadhi maagizo uliyompa na toleo la wakala kando ya .lst, maana msimamizi akiuliza tena baada ya toleo jipya, aya zitakuja tofauti.