Jibu: Kuomba kozi ya awali ya ushauri nasaha ukiwa Tanga

Dada wa Chumbageni, umeuliza kama barua ya maombi itaje kufiwa kwako na mume, na kama cheti cha kozi ya awali kitakuruhusu kufungua ofisi pale Ngamiani.

La ofisi, hapana. Kozi ya awali ni ya kuonja: kusikiliza, usiri, nadharia kidogo (Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, hutamkosa). Tiba ya kisaikolojia yenyewe inadai miaka ya masomo na mazoezi chini ya msimamizi. Na kabla hujalipia fomu, hakikisha chuo kimesajiliwa: vyuo vya kati na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), vyuo vikuu na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu).

Msiba utaje, ila usiusimulie. Sentensi mbili zinatosha. Msomaji wa barua anataka kujua kama unaweza kukaa na maumivu ya mwenzio bila kuyageuza yako. Kwa hiyo andika unavyowasikiliza wenzio kazini au kwenye kikoba, pasipo majina wala dalili ya kuwatambulisha. Hapo usiri wako unapimwa tayari. "Napenda kusaidia watu" iache, kila mwombaji anaiandika.

Darasani mara nyingi mnafanya mazoezi watatu watatu: mmoja asema, mmoja asikiliza, wa tatu atazama. Sie watu wa Tanga, tuliozoea kutoa pole na nasaha kabla mtu hajamaliza sentensi, kunyamaza kunatutoa jasho kweli!

Kama bado umo edani, subiri muhula ujao. Mazoezi hayo hutumia habari zako mwenyewe.