Karakana ya Mjomba: Ubao Unaokataa Kulala

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nimeanza merikebu yangu ya kwanza ya mfano, ya mbao, na ninaijenga kutoka kwenye mchoro mtupu, si kwa yale maboksi yenye vipande vilivyokwisha kukatwa. Mkuku, ule uti wa chini, na mataruma, yaani mbavu za chombo, nimekata mwenyewe kwa plaiwudi ya milimita 5. Mbao za ubavu nimezichana zenye upana wa milimita 6 na unene wa 1.5. Nne za juu zililala vizuri, nikajipongeza. Kuanzia ya tano, nikifika omo, yaani mbele ya chombo, ubao unainuka ukingo mmoja kama sikio la paka. Nikiubana unatulia, nikiachia unafyatuka. Nimeongeza gundi, nimepiga visumari, na upande wa kulia nimeulazimisha hivyohivyo hadi ubao wa tisa, ila umejaa vidaraja. Wa kushoto sijaugusa tangu zile nne. Nibadilishe mti au gundi? *Mpwa aliyekwamia omo.*

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Gundi umeionea bure, na mti pia. Ubao wako una upana uleule mwanzo hadi mwisho, wakati merikebu haiko hivyo.

Chukua ukanda wa karatasi, uulaze juu ya taruma la katikati kutoka ukingo wa sitaha hadi kwenye mkuku, utie alama. Rudia kwenye taruma la kwanza la omo. Tuseme katikati umepata milimita 120, na omo 72. Mbao za milimita 6 zinaingia 20 pale katikati. Hizohizo 20 zinatakiwa zifike zote omo ndani ya milimita 72, yaani kila moja ibaki na 3.6 tu. Wewe unazipeleka na 6 zake kamili, mahali penye nafasi ya 12. Zitakosaje kupandana? Ubao mwembamba hukubali kupinda kwa bapa na hukubali kusokotwa kidogo, lakini ukitaka upinde kwa ukingo utagombana nao mpaka mmoja wenu avunjike.

Kwa hiyo, gawanya kila taruma kwa idadi ya mbao, utie alama za penseli, kisha kila ubao uupunguze upana kwa randa ndogo kufuata alama zake. Usishuke chini ya nusu ya upana wa mwanzo. Hesabu ikikuambia ncha iwe milimita 2, usiitii. Acha mbao mbili ziishie kabla ya kufika, zipokewe na mmoja mpana uliochongwa kuzikumbatia. Waundaji wa vyombo vikubwa nao walifanya hivyo, kwa sababu ncha iliyochongoka haina mahali pa kushika msumari wala kalafati, ile pamba ya kuziba maungo. Huko tezi, yaani nyuma ya chombo, mambo mara nyingi hugeuka: nafasi huongezeka, nawe unajaza pengo kwa kipande chenye umbo la kabari.

Lakini weka randa chini kwanza, nikuulize kitu ambacho hukukitaja. Kingo za mataruma uliziweka mshazari? Taruma lililokatwa kwa msumeno lina ukingo wa mraba, na kwa yale ya omo, ambako mwili unabana kwenda mbele, ubao utagusa pembe ya mbele peke yake. Gundi inashika ukingo mwembamba kama uzi, halafu unashangaa ubao kufyatuka. Mimi hutumia ufito wa mbao laini, mrefu kuliko merikebu yenyewe. Naupaka chaki ubavuni, naulaza juu ya mataruma yote, nausogeza mbele na nyuma mara mbili tatu, naondoa. Chaki ikikaa kwenye pembe tu, nasugua pembe hiyo kwa msasa uliogundishwa kwenye kipande kirefu cha mbao, si kwa msasa ulioshikwa na vidole, maana vidole huchimba mashimo. Chaki ikienea ukingo wote, nahamia taruma linalofuata. Kisha narudisha ufito na kuinamisha kichwa mpaka jicho liwe usawa nao, taa ikiwa upande wa pili. Mwanga ukipenya chini yake, taruma hilo ni fupi, nalibandika kijibanzi chembamba. Ufito ukipanda kimgongo, taruma ni refu, nalipunguza. Kazi hii huniweka mezani jioni nyingi kuliko kupiga mbao zenyewe, na watu wa nyumbani huniona sijafanya chochote.

Kuhusu kupinda: loweka ncha kidogo, uipashe moto polepole kwenye bomba la chuma lenye joto, kwani kinacholainisha mti hasa ni joto. Ubane mahali pake kwa vibanio vya nguo bila gundi, uache ukauke usiku kucha. Gundi ni ya kesho. Ukigundisha ubao ungali na maji, utasinyaa na kukuachia nyufa.

Sasa kilichonishtua kuliko vidaraja vyako. Mbao tisa kulia, nne kushoto! Ninayo merikebu juu ya kabati ambayo mgeni haruhusiwi kuitazama kutokea mbele. Niliipiga mbao ubavu mzima wa kushoto kwa wiki moja kwa sababu vibanio vilikuwa vimekaa vizuri upande huo na niliona uvivu kuvihamisha. Nilipokuja kusimamisha milingoti, wa mbele ulitazama dari na wa nyuma ulitazama dirisha. Mwili mzima ulikuwa umejinyonga. Piga ubao mmoja kulia, mwenzake kushoto, hivyo hadi chini.

Yako labda bado inaokoka. Vuta uzi kutoka omo hadi tezi katikati ya sitaha, uone kama alama za katikati za mataruma yote zimekaa chini ya uzi. Zikiwa zimekaa, bandua zile tano za ziada kwa kitambaa chenye maji ya moto ikiwa gundi ni ile nyeupe, au kwa asetoni ikiwa ni supagluu. Zikiwa zimehama, mpwa wangu, chonga mataruma mapya. Mchoro unao bado.

SWALI: Mjomba, nataka kuunda Cutty Sark. Kabati langu la kioo lina urefu wa ndani wa sentimita 80. Nichague kipimo gani?

JIBU: Merikebu hiyo ilishushwa majini mwaka 1869 na bado ipo Greenwich, London, kwa hiyo vipimo vyake si siri. Mwili una takriban mita 65. Kwa kipimo cha 1:96, yaani sentimita moja kwa kila 96 za merikebu halisi, unapata sentimita 68, nawe unafurahi. Ngoja kwanza: ukihesabu mlingoti wa maji, ule unaochomoza mbele, urefu wote unafika mita 85 hivi, yaani karibu sentimita 89. Pua itatoboa kioo. Kwa 1:120 unashuka hadi 71 na inaingia, lakini kamba yenye unene wa milimita 24 kwenye merikebu halisi utaifunga kwa uzi wa 0.2, na ile ina milingoti mitatu iliyojaa kamba hizo. Mimi ningejenga kabati jipya. Ni kazi ya siku chache tu, ukilinganisha na miaka utakayotumia kwenye merikebu.

Kabati hilo usilijenge kwa mwaloni, na ulitobolee matundu ya hewa. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi, na vifaa vya madini ya risasi vikifungiwa humo huoza kuwa unga mweupe. Nanga zangu mbili zilipotea hivyo, nikidhani ni vumbi, nikawa nazipangusa.

SWALI: Matanga nishone kwa kitambaa gani? Nina pamba nyembamba ya unene wa milimita 0.2, na merikebu ni ya 1:64.

JIBU: Zidisha 0.2 kwa 64. Umepata tanga la unene wa karibu milimita 13, ambalo hakuna baharia angeweza kulikunja. Mifano mingi mizuri haina matanga kabisa, na haipungukiwi kitu. Ukiyataka lazima, yafunge juu ya foromali, ule mti unaobeba tanga, kama ya chombo kilichotia nanga, na kitambaa ukikate kina cha theluthi moja tu ya tanga kamili. Ukikata tanga zima, likikunjwa linakuwa godoro.