Maswali yenu: tashbihi, sitiari na riwaya za watoto

Wiki hii wazazi na walimu wengi wameuliza kitu karibu kimoja, hii lugha ya picha kwenye riwaya za watoto inawasaidia ama inawasumbua. Nimechukua maswali matano.

Kijana wangu wa gredi 5 akisoma riwaya kila akifika kwa "mithili ya" ananiita nimweleze. Nimwambie aruke aendelee na hadithi? (Mzazi, Nyalenda, Kisumu)

Asiruke, tafadhali. Muulize kwanza anaona nini akifunga macho. Kitabu kikisema wadudu walipanda kutoka ziwani mithili ya moshi, mtoto wa Kisumu hiyo ameshaiona na macho yake, hauna cha kumweleza hapo, atakueleza yeye. Akifunga macho asione kitu kabisa basi shida si yake, ni ya aliyeandika, hapo sasa aendelee na hadithi bila wasiwasi.

Darasa langu linachanganya tashbihi, sitiari, tashihisi na jazanda. Nianzie wapi? (Mwalimu, Njoro)

Anza na kitu kimoja ukigeuze geuze, usiwape orodha ya kukariri. Chukua taa za wavuvi wa omena usiku. "Taa zilimetameta kama mji" ni tashbihi. "Usiku ziwa ni mji" ni sitiari, ile kama imeondoka. "Ziwa lilikohoa likageuka ubavu" ni tashihisi, ziwa limepewa mwili wa mtu. Alafu jazanda, ile picha inayobeba maana fiche, iache mwisho, manake hiyo haikai kwa sentensi moja: baba anatoka na taa sura ya kwanza, sura ya tano mafuta yamepungua na nyumbani pia pesa imeisha, karibu na mwisho msichana wake ndiye anaiwasha. Hakuna mahali kitabu kimesema taa ni nini, lakini darasa litakwambia.

Naandika riwaya ya watoto wa miaka 9 hadi 12. Mhariri ameniandikia "tamathali zimezidi" kwa hii sentensi: "Moyo ulimdunda kama ngoma, machozi yakamtoka kama mto, akasimama kama mti." Kwani si ndio utamu? (Kakamega)

Utamu upo lakini umemwaga sukari yote kwa kikombe kimoja. Hapo kuna picha tatu kwa sekunde moja na zote tulizikariri kwa insha darasa la sita, mtoto hajui aangalie ngoma, mto ama mti. Kwa barua yako umesema kijana anaona fahali wa babake akishindwa kwa vita vya mafahali pale Khayega. Sasa si hapo uwanjani ngoma za isukuti zimekuwa zikipigwa tangu asubuhi kumsindikiza huyo fahali? Tumia hiyo. Fahali anageuza mgongo anakimbia, upande wao wapigaji wananyamaza jii, na kijana anasikia isukuti moja bado inapiga, iko ndani ya kifua chake. Hiyo ngoma uliyoandika ilikuwa sawa tu, ila ulikuwa umeitoa kwa daftari badala ya kuitoa uwanjani. Mto na mti futa. Na hii ndio naamini kabisa kuhusu vitabu vya watoto, picha itoke kwa kile mhusika mwenyewe ameshika, amenusa ama ameogopa, mtoto anayesoma akipata picha ya kuazima anajua haraka sana kwamba mtu mzima ameingilia.

Kwa hadithi yangu bibi na mjukuu wanaangalia Ziwa Nakuru. Wote watumie heroe (flamingo) kama mfano? (Mwanafunzi, Nakuru)

Hapana, kila mtu na macho yake. Maji yalipopanda miaka ya 2010 heroe wengi walihamia Bogoria, kwa hivo bibi anaweza kusema ufuo ulikuwa umejifunga leso ya waridi, yeye anakumbuka. Mjukuu anaona miti iliyokauka imesimama majini, acha aseme inafanana na watu waliosahau njia ya kurudi nyumbani. Wawili wamesimama pamoja na kila mmoja ana ziwa lake, hapo msomaji ameelewa miaka imepita bila wewe kuandika "miaka mingi ilikuwa imepita".

Nilisoma "ana moyo wa jiwe", mtoto wangu wa miaka 5 akaanza kulia akidhani huyo mtu atakufa. Nimekosea? (Mama, Bungoma)

Hujakosea na yeye hajakosea, umri huo wengi wanachukua maneno vile yalivyo. Sitiari ziweke kando kidogo, msomee zenye "kama", na tanakali za sauti kwa wingi: jiwe majini chubwi, embe mchangani tifu, mtungi sakafuni pu! Mwache azitamke yeye, kwa sauti, hata mara kumi. Na huyo mwenye moyo wa jiwe mwambie leo leo kwamba hafi, ni mkali tu.